Bei ya Sanaa ya Gemu kwa Mchoraji Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mchoraji anayeishi Tanzania au Kenya, anayechora kwa oda wahusika, vigae vya ardhi (vipande vidogo vya picha vinavyopangwa kuwa ardhi ya gemu), ikoni na picha za jalada, na ambaye wateja wake wengi ni watengenezaji wadogo wa gemu walioko Ulaya na Marekani. Mifano mingi ni ya sanaa ya pikseli, yaani picha zinazochorwa nukta kwa nukta, kwa sababu ndiyo ninayoifanya kila siku, lakini anayechora kwa mtindo mwingine atabadilisha vipimo tu na hesabu itabaki ileile.

Nianze na bei gani kwa saa?

Anza na daftari la matumizi yako mwenyewe kabla ya kuangalia wengine wanatoza nini. Tuchukue mchoraji anayeishi Mwanza, anayehitaji kwa mwezi shilingi 200,000 za chumba, 250,000 za chakula, 90,000 za umeme na bando, 60,000 za nauli, 100,000 za kuweka akiba ya vifaa, na 150,000 za kodi ya serikali na dharura. Jumla ni shilingi 850,000. Kosa linalofanywa na wengi ni kuigawanya jumla hiyo kwa saa 160, kana kwamba kila saa unayokaa mbele ya kompyuta ina mtu anayeilipia. Saa za kutafuta wateja, kujibu barua pepe, kuandaa makadirio ambayo hayatakubaliwa na kungoja umeme urudi hazilipwi na mtu yeyote. Anayeanza akipata saa 80 zinazolipwa kwa mwezi amejitahidi sana. Ukigawanya 850,000 kwa 80 unapata shilingi 10,625 kwa saa, na tukichukulia dola moja kuwa shilingi 2,500 kwa ajili ya hesabu tu, hiyo ni dola 4.25.

Kiwango hicho si cha kumtajia mteja. Ni mpaka ambao ukishuka chini yake, wewe ndiye unayemchangia mteja kutengeneza gemu yake. Juu yake unaongeza thamani ya ujuzi wako na kinga ya miezi ambayo oda hazitaingia kabisa, na miezi hiyo ipo. Katika mifano inayofuata nitatumia dola 8 kwa saa.

Mteja ameniuliza, "Mhusika mmoja ni kiasi gani?" Nimjibu nini?

Usimjibu kwa namba moja, hata kama anaonekana ana haraka. Neno "mhusika" halina kipimo, na mchoraji anayelitajia bei amekubali kuuza shamba ambalo mipaka yake hajaiona. Mjibu kwa maswali: mhusika ana ukubwa gani kwa pikseli, ataonekana kutoka pande ngapi, atafanya vitendo gani, kila kitendo kina fremu ngapi (picha mojamoja zinazounda mwendo), na gemu inatengenezwa kwa injini gani, yaani programu ya kutengenezea gemu. Mteja makini hatachukizwa na maswali haya. Mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa hajayafikiria, na wewe ndiye unayemsaidia kuielewa gemu yake.

Tuhesabu mfano mmoja hadi mwisho. Mhusika ana ukubwa wa pikseli 32 kwa 32, gemu inaangaliwa kutoka juu, na mhusika anaelekea pande nne. Kusimama kuna fremu 4, kutembea fremu 6, kushambulia fremu 5 na kuumia fremu 2, yaani fremu 17 kwa kila upande. Upande wa kushoto unaweza kuwa upande wa kulia uliogeuzwa kama kwenye kioo, kwa hiyo unachora pande tatu tu, ambazo ni fremu 51. Kufa kuna fremu 6, kwa upande mmoja. Jumla ni fremu 57. Kwa mkono wangu, fremu moja ya ukubwa huo huchukua wastani wa dakika 12, hivyo fremu zote huchukua saa 11 na dakika 24. Ongeza saa 3 za kubuni umbo la kwanza, saa 2 na nusu za marekebisho, na saa 1 na nusu ya kupanga faili na kuwasiliana na mteja. Unapata saa 18 na dakika 24, ambazo kwa dola 8 ni dola 147.

Sasa mteja anasema mhusika ashike upanga kwa mkono wa kulia. Ukiugeuza upande wa kulia ili upate wa kushoto, upanga unahamia mkono wa pili, na mchezaji anayeangalia kwa makini ataliona jambo hilo kila mhusika anapogeuka. Kama mteja hataki hivyo, upande wa nne lazima uchorwe upya, yaani fremu 17 zaidi, au saa 3 na dakika 24, au dola 27. Upanga wenyewe kwenye umbo la kwanza ni pikseli zisizozidi kumi na tano. Mchoraji asiyeuliza mapema upanga utashikwa mkono gani ataigundua gharama hiyo akiwa katikati ya kazi, na wakati huo bei imeshatajwa.

Ukubwa nao uutazame vizuri. Kutoka pikseli 32 kwa 32 hadi 64 kwa 64, eneo la kuchora linaongezeka mara nne. Muda hauongezeki mara nne, lakini kwenye 64 uso unaanza kuonyesha hisia na vidole vinaonekana, kwa hiyo pima muda wako kwa kuchora fremu tatu au nne za majaribio kabla ya kutaja bei.

Je, nitoze kwa saa au kwa kazi nzima?

Hesabu kwa saa ukiwa peke yako, kisha mtajie mteja bei ya kazi nzima. Mtengenezaji mdogo wa gemu ana bajeti ndogo aliyoipanga kwa kila kitu, na bei ya kazi nzima humwezesha kuamua bila wasiwasi. Kutoza kwa saa kunafaa pale tu ambapo kazi haina mwisho unaojulikana, kwa mfano mteja anapotaka uwe unasaidia vitu vidogovidogo kila wiki.

Makato ya majukwaa niyaingizeje kwenye bei?

Fiverr, tovuti ambapo wateja huagiza kazi, humkata muuzaji asilimia 20 ya kila kazi. Wengi huongeza asilimia 20 juu ya bei yao wakidhani wamefidia. Tazama: 147 ukiongeza asilimia 20 ni 176.40, na ukikatwa asilimia 20 ya 176.40 unabaki na 141.12. Umepungukiwa karibu dola sita. Njia sahihi ni kugawanya bei yako kwa 0.8, ambapo 147 inakuwa 183.75, nawe unamtajia mteja dola 184. Fanya hivyohivyo kwa ada ya kuhamisha fedha hadi benki au simu yako.

Mteja anataka marekebisho bila kikomo. Nikubali?

Hapana. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikubali kuchora seti ya vigae 40 vya kijiji, pikseli 16 kwa 16, kwa dola 60, na kwa mkono wangu mwenyewe niliandika kwamba nitarekebisha hadi mteja aridhike. Paa zilikuwa za nyasi, akaomba ziwe za mabati. Nikabadilisha. Kisha akaamua kwamba mwanga utoke kulia badala ya kushoto. Kwa mtu asiyechora hilo ni ombi dogo, lakini kila kigae kina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli, na vigae vya kona haviwezi kugeuzwa tu kwa sababu vinapaswa kuungana na jirani zake. Nilivichora upya vyote. Baada ya hapo kijiji kikawa cha jioni, na rangi zote zikabadilika. Nilipomaliza nilikuwa nimetumia saa 41, kwa hiyo nilikuwa nimelipwa chini ya dola moja na nusu kwa saa. Mteja hakunidanganya kwa lolote. Maneno niliyoyaandika ndiyo yaliyomruhusu.

Tangu hapo naigawa kazi katika hatua, na mteja huidhinisha kila hatua kwa maandishi kabla sijaenda nyingine. Kwanza naonyesha umbo lililojazwa rangi moja nyeusi, ili tukubaliane kuhusu mwili, mavazi na silaha. Pili naonyesha rangi na mwelekeo wa mwanga. Tatu ndipo vitendo vinapochorwa. Kila hatua ina nafasi mbili za marekebisho, na hatua ikishaidhinishwa, kuirudia ni kazi mpya yenye bei yake. Tofautisha pia kosa na badiliko la wazo: kama nimesahau mkanda uliokuwa kwenye maelezo, narekebisha bure hata mara kumi, kwa sababu hilo ni deni langu, lakini kama mteja ameamua leo kwamba mkanda uwe joho, hilo ni badiliko lake.

Nidai malipo ya awali kiasi gani?

Nusu kabla ya kuanza na nusu kabla ya kukabidhi faili za mwisho ni utaratibu unaoeleweka kila mahali. Kazi inayozidi mwezi mmoja igawe katika malipo matatu au manne yanayofuata hatua. Fundi cherehani wa mtaani hashiki mkasi kabla hajapewa kitambaa na advansi, na hakuna anayemwona mkorofi. Mchoraji naye asione haya. Mali kauli tuwaachie wanaofahamiana na wanaoishi mtaa mmoja. Mteja aliye nje ya nchi akipotea na kazi yako, gharama ya kumfuata kisheria itazidi deni lenyewe.

Kabla ya malipo ya mwisho, onyesha kazi ikiwa imepunguzwa ukubwa na jina lako likipita juu ya picha. Faili kamili za PNG na faili yenye matabaka, ambamo kila sehemu ya picha iko peke yake, zitoke baada ya fedha kuingia. Na kama unalipwa kwa PayPal, kumbuka kwamba mlipaji ana siku 180 za kufungua madai tangu alipolipa, kwa hiyo hifadhi mazungumzo, idhini za kila hatua na ushahidi wa kukabidhi kwa muda usiopungua huo.

Nikishalipwa, hakimiliki ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo wachoraji hulikwepa zaidi, na lina fedha nyingi ndani yake. Jibu hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa na mteja huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama makubaliano kati yenu yanazuia au kuwekea mipaka uhamisho huo. Kwa sheria ya Marekani hali ni karibu kinyume: hakimiliki ya kazi ya mchoraji wa kujitegemea haihami mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa saini. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo kazi yako inalindwa pia katika nchi nyingine wanachama bila wewe kuisajili huko. Mkataba huo, hata hivyo, haukuamulii wewe na mteja wako mmeuziana nini. Andikeni.

Kwa vitendo, kuna mauzo ya aina tatu. Unaweza kumruhusu mteja kutumia picha katika gemu moja iliyotajwa, huku wewe ukibaki na haki ya kuziuza kwingine. Unaweza kumpa matumizi ya peke yake, ambapo hutamuuzia mtu mwingine, lakini hakimiliki inabaki kwako. Au unaweza kuhamisha haki zote, pamoja na haki ya kuchapisha picha hizo kwenye fulana, vikombe na gemu ya pili. Mimi huongeza asilimia 30 kwa aina ya pili, na huiongeza bei maradufu kwa aina ya tatu. Hayo ni maamuzi yangu, nawe unaweza kuweka yako. Katika aina zote tatu dai mambo mawili: jina lako liwe kwenye orodha ya waliotengeneza gemu, na uruhusiwe kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine baada ya gemu kutoka.

Mteja anataka "picha moja ya jalada" kwa ajili ya Steam. Je, ni moja kweli?

Si moja. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hudai picha za maumbo kadhaa kwa gemu ileile. Ya maktaba (orodha ya gemu alizonazo mnunuzi), iliyosimama, ni pikseli 600 kwa 900, na ile pana ya juu ya ukurasa wa maktaba ni 3840 kwa 1240. Ile pana haitakiwi kuwa na jina la gemu, kwa sababu nembo huwekwa juu yake kama faili tofauti. Mchoraji aliyechora kila kitu katika tabaka moja, jina na mhusika vikiwa vimegandana, atalazimika kuvitenganisha kwa mkono, tena nyuma ya herufi hakuna kitu kilichochorwa. Kwa hiyo mhusika, mandhari na jina viwe katika matabaka matatu tangu mwanzo, mandhari ichorwe pana kuliko inavyohitajika, na kila umbo la ziada liwe na mstari wake katika makadirio ya bei.

Je, si bora niuze vifurushi vya picha vilivyo tayari kuliko kazi za oda?

Vinaweza kwenda pamoja, lakini usitegemee vifurushi vikulipe kodi ya nyumba mwanzoni. Kwenye itch.io, tovuti ya kuuzia gemu na picha zake, muuzaji huamua mwenyewe jukwaa lichukue asilimia ngapi, na kiwango kilichowekwa kabla hujakibadilisha ni 10. Unity Asset Store, duka la vifaa vya kutengenezea gemu, huchukua 30. Lakini ushindani wako mkubwa pale ni vitu vya bure. Kenney, wa Uholanzi, ametoa maelfu ya picha za gemu chini ya leseni ya CC0, ambayo inamruhusu mtu yeyote kuzitumia hata kibiashara bila kulipa. Mti wa kawaida, sanduku la kawaida na mifupa inayotembea vimeshapatikana bure. Kisichopatikana bure ni kitu kinacholingana kabisa na gemu ya mtu: mhusika wake na silaha yake, kwa rangi zile alizozichagua. Au kitu ambacho wengine hawakijui vizuri. Niliona mnunuzi akifurahia kifurushi cha nyumba za mawe za pwani, zenye milango ya kuchonga na baraza za mbele, kwa sababu maduka yamejaa ngome za Ulaya.

Mteja hana fedha na anasema tutagawana mapato. Vipi?

Kataa kwa adabu, isipokuwa kama unamfahamu na amewahi kukamilisha gemu. Gemu nyingi za namna hii hazikamiliki, na mgawo wa gemu isiyokwisha ni sifuri. Ombi la kazi ya majaribio bila malipo nalo lijibiwe vivyo hivyo: kama kazi ulizokwisha kuzifanya hazitoshi kumwonyesha uwezo wako, mchoree ikoni moja kwa bei ndogo iliyotajwa.

Wateja wa kwanza wanapatikana wapi?

Wanapatikana mahali ambapo gemu zinatengenezwa, na njia fupi kuliko zote ni kushiriki mashindano ya kutengeneza gemu kwa siku chache, kama Ludum Dare au Global Game Jam ya kila Januari. Hulipwi, lakini ndani ya saa 48 au 72 unatoka na kitu ambacho wachoraji wengi wanaoanza hawana: gemu iliyokamilika, inayochezeka, yenye picha zako ndani yake. Mtengenezaji anayetafuta mchoraji anataka kujua kama unaweza kufanya kazi ndani ya vipimo vya mtu mwingine na ukamaliza. Picha 40 nzuri zisizo na gemu hazimjibu swali hilo.

Kazi za kuonyesha ziwe chache na za aina unayotaka kuagizwa. Ukionyesha picha za sura za watu, utaagizwa picha za sura za watu. Weka angalau kitendo kimoja kinachotembea juu ya vigae ulivyochora, ili mteja aone vitu vikikaa pamoja. Programu zisikuzuie, kwani Krita na Blender hazilipiwi, na Aseprite, inayopendwa na wachora pikseli, hulipiwa mara moja tu.

Fedha zinanifikiaje?

Kenya mna nafuu: PayPal inapokea, na fedha zinaweza kuhamishiwa M-Pesa. Kwa Tanzania, akaunti ya PayPal kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, na wachoraji wengi hutumia Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje, kisha huhamishia benki. Jaribu njia yako kwa kiasi kidogo kabla hujapokea oda kubwa. Majukwaa ya Marekani yatakutaka ujaze fomu ya W-8BEN inayoeleza kwamba wewe si mkazi wa kule. Ijaze kwa uangalifu. Kazi ya oda uliyoifanya ukiwa nyumbani kwako haihesabiwi kuwa pato la Marekani, lakini mapato ya leseni za vifurushi kutoka kwa wanunuzi wa huko yanaweza kukatwa asilimia 30, kwani Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani.

Mteja ameuliza kama natumia akili bandia. Kwa nini anajali?

Tangu Januari 2024, Steam humtaka mtengenezaji aeleze kama gemu yake ina vitu vilivyotengenezwa kwa akili bandia, na maelezo hayo huonekana na wanunuzi. Ukimficha, unamfanya yeye atoe tamko la uongo. Andika katika makubaliano jinsi unavyofanya kazi, na hifadhi faili zenye matabaka pamoja na rasimu za mwanzo, maana hizo ndizo ushahidi wako.

Nipandishe bei lini?

Pale ambapo oda zimejaa wiki kadhaa mbele, au pale ambapo wateja watatu mfululizo wamekubali bei bila hata kuuliza. Oda zilizokwisha kukubaliwa zimalize kwa bei ya zamani, na wateja wa kudumu waarifu mwezi mmoja kabla.

Angalia pia kasi yako. Yule mhusika wa fremu 57, ukifikia kuchora fremu kwa dakika 9 badala ya 12, anachukua saa 15 na nusu hivi. Ukiendelea kuzidisha saa kwa dola 8, bei yake inashuka kutoka 147 hadi 124, na ujuzi ulioupata kwa miaka unakuwa punguzo kwa mteja. Iache bei ya mhusika ilipo, na saa yako yenyewe itakuwa imepanda hadi karibu dola 9.50 bila mteja kuongeza hata senti. Kisha siku ya kupandisha ikifika, igeuze ile 147 kuwa 184, ambayo ndiyo bei uliyokuwa ukiitaja Fiverr, na uitumie hata kwa wateja wanaokuja kwako moja kwa moja.